Namna ya kuchagua kamera za ulinzi za wingu kwa biashara yako: mwongozo kamili

Mwizi anayeijua kazi yake akiingia usiku haridhiki na bidhaa peke yake. Huitafuta mashine ya DVR, ile inayohifadhi rekodi za kamera, huing'oa ukutani na kuondoka nayo, na ushahidi wote unakwenda naye. Hiyo ndiyo sababu kubwa inayowafanya wenye biashara wahamie kwenye kamera za wingu. Picha inatoka kwenye kamera, inapita kwenye intaneti na kutua kwenye seva za kampuni ya huduma, mbali kabisa na jengo lako. Kamera ikivunjwa, yaliyorekodiwa hadi sekunde chache kabla ya hapo yameshafika salama.

Ila ukishazihamisha picha, umezikabidhi kwa mtu. Utamlipa kila mwezi, utategemea seva zake, na huenda wafanyakazi wake wakaweza kuona kinachoendelea kwenye kaunta yako. Kamera yenyewe itachakaa na utaibadilisha. Huyo uliyemkabidhi picha ndiye wa kuchunguzwa zaidi, na wauzaji wengi hawapendi mazungumzo yaanzie hapo; wao huanza na megapikseli, yaani mamilioni ya vidoti (pikseli) vinavyounda picha. Mpangilio ninaoupendekeza ni huu: jua unachotaka kuona, pima intaneti yako, amua picha zitahifadhiwa wapi na kwa muda gani, kisha ndipo uangalie kamera, usalama wa akaunti na mkataba. Ukiugeuza mpangilio huu utanunua kamera nzuri zisizokufaa.

Hatua ya 1: Zunguka jengo ukiwa na karatasi

Pita kila mahali na uandike swali ambalo video itapaswa kulijibu siku ambayo mambo yameharibika. Mlangoni: nani aliingia? Kwenye kaunta: mteja alitoa noti gani, na alirudishiwa chenji kiasi gani? Stoo: nani alitoka na katoni, na saa ngapi? Maegesho: ni gari gani, namba zake zinasomeka? Mahali ambapo huna swali, hapahitaji kamera. Kila swali lina ukali wake wa picha, na hapa ndipo pesa nyingi hupotea.

Kiwango cha kimataifa cha IEC 62676-4, katika toleo lake la 2014, kinatoa vipimo ambavyo mafundi wengi wanavitumia. Ili umtambue mtu usiyemjua bila shaka yoyote, unahitaji pikseli 250 kwa kila mita ya upana wa eneo linaloonekana. Kumtambua mtu unayemfahamu, kama mfanyakazi wako, pikseli 125 zinatosha. Kujua tu kwamba kuna mtu, 25.

Tuifanye hesabu yenyewe. Kamera ya 1080p ina pikseli 1,920 kwa upana. Gawanya kwa 250, unapata mita 7.7 hivi. Maana yake ni kwamba pale anapopita mtu, eneo linaloonekana lisizidi upana wa mita 7.7, la sivyo sura ya mgeni haitatosha kumtambulisha. Sasa chukua lenzi ya milimita 2.8, ile pana inayofungwa kwenye kamera nyingi za bei nafuu. Pembe yake ni kama nyuzi 100. Ukiiweka mita 5 kutoka mlangoni, inaona upana wa mita 12 hivi, na unabaki na pikseli 160 kwa mita. Utamjua mfanyakazi wako, lakini sura ya mgeni itakuwa ukungu. Badilisha lenzi iwe ya milimita 6, upana unashuka hadi mita 5 hivi na pikseli zinapanda zaidi ya 370. Kamera ni ileile na ukali ni uleule, kilichobadilika ni lenzi tu.

Kwa hiyo muuzaji anayekuhimiza ununue 4K, kamera zenye pikseli mara nne ya 1080p, kila mahali hajakusaidia. 4K inafaa pale unapotaka kuona eneo pana na bado utambue sura, mfano ukumbi wa mauzo. Mlangoni, kamera ya kawaida yenye lenzi sahihi hufanya kazi nzuri zaidi na haikumalizii intaneti.

Jambo jingine la mlangoni ni urefu. Kamera iliyofungwa kwenye dari la mita 4 huona kofia na vipara. Ishushe hadi mita 2 na nusu hivi, ikiangalia uso wa anayeingia. Kama mlango unaelekea juani, hakikisha kamera ina WDR, uwezo wa kusawazisha mwanga mkali wa nje na giza la ndani. Bila hiyo, kila anayeingia mchana ataonekana kama kivuli cheusi.

Hatua ya 2: Pima kasi ya kupakia

Watu wengi wanajua kasi yao ya kupakua, ile inayotangazwa na kampuni ya intaneti. Kamera za wingu hutumia kasi ya kupakia, na mara nyingi hiyo ni ndogo zaidi. Ipime kwa programu yoyote ya kupima kasi, ila uipime saa za shughuli nyingi, mashine za malipo zikifanya kazi na wafanyakazi wakiwa kwenye simu zao. Rudia siku kadhaa, kisha uchukue matokeo mabaya kuliko yote, kwa sababu hayo ndiyo utakayoishi nayo.

Kamera ya 1080p yenye fremu (picha moja moja) 15 kwa sekunde hutumia takriban megabiti 2 kwa sekunde kwa mfumo wa kubana picha wa H.264. Ukali wa 4K huweza kufika megabiti 8. Kamera nane za 1080p zikipakia mfululizo zinahitaji megabiti 16 kwa sekunde, usiku na mchana. Mimi nashauri kamera zisichukue zaidi ya nusu ya kasi yako ya kupakia. Zikizidi hapo, siku ya wateja wengi malipo ya kadi yataanza kukwama na lawama zote zitaangukia intaneti.

Halafu kuna ujazo wa data. Megabiti 1 kwa sekunde kwa saa 24 ni gigabaiti 10.8. Kamera moja ya megabiti 2 hula gigabaiti 21.6 kwa siku, karibu 650 kwa mwezi. Kamera nane zitafika terabaiti 5 na zaidi. Kama bando lako lina kikomo, au kasi hupunguzwa baada ya kiasi fulani, soma masharti hayo kabla hujanunua hata kamera moja.

Hesabu ikikataa, usikate tamaa. Chagua kamera zinazotumia H.265, inayoweza kupunguza data hadi karibu nusu kwa ubora uleule. Shusha fremu hadi 10 kwa sekunde kwenye stoo na korido. Jicho halitakosa kitu. Au weka video nzima ndani ya jengo na upeleke kwenye wingu matukio tu, jambo linalotuleta kwenye hatua inayofuata.

Hatua ya 3: Video ikae wapi

Njia ziko tatu. Ya kwanza, kamera inapeleka kila kitu wingu moja kwa moja na haibakishi chochote. Ya pili, kamera ina memori kadi ndani yake, inarekodi humo na pia inapeleka wingu. Ya tatu, kuna kifaa cha kati ndani ya jengo kinachokusanya picha za kamera zote, kuzihifadhi kwa muda, na kuzipeleka wingu kadiri intaneti inavyoruhusu.

Kwa biashara, njia ya kwanza siipendekezi hata kidogo. Intaneti ikikatika, au mwizi akijua kukata waya ulioko nje ya ukuta, umebaki kipofu. Wakati mwingine waya wako ni mzima na tatizo liko upande wa pili: tarehe 7 Desemba 2021 seva za Amazon Web Services mashariki ya Marekani, ambazo kamera za Ring huzitegemea, zilipata hitilafu kubwa, na watumiaji wa kamera za Ring wakashindwa kuzifikia kamera zao. Hawakuwa wamekosea kitu. Hifadhi ya ndani, hata ya siku mbili au tatu, inakukinga na hali kama hiyo.

Muulize muuzaji swali hili kwa maneno haya haya: intaneti ikikatika kwa muda wa saa tatu kisha ikarudi, je, kamera itapakia yenyewe yale ya saa tatu zilizopita, au yatabaki kwenye kadi mpaka nipande ngazi kuichukua? Zipo zinazojaza pengo zenyewe na zipo zisizoweza. Ukiambiwa "inategemea", chukulia kwamba haziwezi mpaka uone kwa macho yako. Memori kadi nayo iwe ya aina iliyotengenezwa kwa kurekodi mfululizo, kwani ya kawaida huchoka haraka. Na video iliyomo iwe imefungwa kwa usimbaji (isisomeke bila ufunguo), ili anayeiba kamera asiondoke na rekodi zako.

Kifaa cha kati kinawafaa sana wale ambao tayari wana kamera ukutani. Kama kamera hizo zinafuata ONVIF, utaratibu wa pamoja ulioanzishwa mwaka 2008 na Axis, Bosch na Sony ili vifaa vya kampuni tofauti viweze kuelewana, kuna uwezekano mkubwa utaziunganisha na huduma ya wingu bila kununua mpya. Angalia kwanza kamera ulizonazo kabla hujakubali kung'oa kila kitu.

Hatua ya 4: Siku ngapi?

Huduma nyingi huuzwa kwa vifurushi vya siku: 7, 14, 30, 90. Watu huchagua cha bei ndogo, kisha wanajuta. Mali bila daftari huisha bila habari, na hapa daftari lako ndilo linaloamua kifurushi. Kama unahesabu stoo mara moja kwa mwezi, upungufu utaugundua siku ya 30, na katoni huenda ilitoka siku ya 3. Kifurushi cha siku 7 kitakuwa kimeshafuta kila kitu. Muda wa kuhifadhi lazima uzidi muda kati ya hesabu moja ya stoo na nyingine, pamoja na siku chache za kufuatilia. Anayehesabu kila wiki anaweza kuishi na siku 14. Anayehesabu kila mwezi atafute siku 45 au zaidi, au abadilishe ratiba ya kuhesabu, ambayo mara nyingi ni nafuu kuliko kifurushi kikubwa.

Upande wa pili, usihifadhi kwa muda mrefu kwa sababu tu inawezekana. Sheria za ulinzi wa taarifa binafsi katika nchi nyingi, kama ile ya Umoja wa Ulaya iliyoanza kutumika tarehe 25 Mei 2018, zinataka picha za watu zisikae kuliko inavyohitajika. Soma sheria ya mahali ulipo, na uandike kwenye karatasi sababu ya muda uliouchagua.

Kuna pia suala la kurekodi mfululizo au kwa tukio. Kurekodi kwa tukio huokoa data, lakini kamera inaweza kuchelewa kuamka, au isione mwendo wa polepole wa mkono unaoingia kwenye droo. Kaunta na droo ya pesa zirekodiwe mfululizo. Korido na stoo zinaweza kufuata tukio, mradi kamera inahifadhi pia sekunde chache kabla ya tukio lenyewe.

Hatua ya 5: Kamera yenyewe

Hapa nitapita haraka, kwani ukishamaliza hatua nne za mwanzo chaguo limeshajipunguza lenyewe. Tumia waya popote inapowezekana. PoE hupeleka umeme na data kwa kebo moja hadi mita 100, na swichi ya mtandao inayoziunganisha ikiwekwa kwenye UPS (betri ya akiba), kamera zote zinaendelea umeme ukikatika. Ruta na kifaa cha intaneti navyo viwe kwenye UPS hiyo, jambo ambalo mafundi wengi husahau. Wi-Fi iwe kwa mahali ambapo kebo haifiki. Kamera za betri zinazolala na kuamka si za biashara, labda kwa mahali pa muda mfupi.

Kwa nje, tafuta alama ya IP66 au IP67 kwa mvua na vumbi, na IK10 kama kamera iko mahali pa kupigwa. Usiifunge nyuma ya kioo cha dirisha ikitazama nje: usiku taa zake za infraredi (mwanga usioonekana kwa macho) zitajirudia kwenye kioo na utaona weupe mtupu. Kipaza sauti kizime mpaka uhakikishe sheria inaruhusu kurekodi maongezi. Vyoo na vyumba vya kubadilishia nguo havina mjadala, kamera isifike huko.

Hatua ya 6: Nani mwingine anaweza kuona?

Kama una muda wa kuisoma hatua moja tu kwa makini, iwe hii.

Mwaka 2016 programu hasidi iitwayo Mirai iliteka kamera, DVR na ruta nyingi duniani kwa kujaribu tu majina na manenosiri ya kiwandani ambayo wenye vifaa hawakuwahi kuyabadilisha. Tarehe 21 Oktoba mwaka huo vifaa hivyo vilitumika kuishambulia Dyn, kampuni iliyokuwa ikielekeza watu kwenye anwani za tovuti, na tovuti kubwa kama Twitter zikawa hazifikiki kwa watu wengi. Tangu tarehe 29 Aprili 2024, sheria ya Uingereza inakataza vifaa vya watumiaji wa kawaida vinavyounganishwa na intaneti kuuzwa vikiwa na nenosiri moja la kiwandani linalofanana kwa wote. Popote ulipo, kamera isiyokulazimisha kuweka nenosiri lako mwenyewe siku ya kwanza irudishe dukani.

Nenosiri lako peke yake halitoshi, kwa sababu mlango mwingine uko kwa mtoa huduma. Machi 2021 wadukuzi waliingia kwenye mfumo wa Verkada, kampuni ya kamera za wingu, kwa akaunti yenye mamlaka ya juu kabisa, wakaweza kutazama kamera zipatazo 150,000 za wateja wake, zikiwemo za hospitali na magereza. Mwaka 2023 Tume ya Biashara ya Marekani, FTC, iliishutumu Ring kwa kuwaachia wafanyakazi na makandarasi wake waone video za wateja, na kampuni ikakubali kulipa dola milioni 5.8. Februari 2024, baada ya hitilafu ya mtandao, watumiaji wapatao 13,000 wa kamera za Wyze walionyeshwa vijipicha kutoka kamera zisizo zao. Sisemi kampuni hizo ndizo mbaya na nyingine zote ni safi. Nasema maswali yafuatayo yamelipiwa gharama na wengine, basi yatumie.

Nani ndani ya kampuni yenu anaweza kufungua video yangu, na je, lazima niruhusu kwanza? Akifungua, nitaona kumbukumbu yake kwenye akaunti yangu? Video imesimbwa ikiwa njiani na ikiwa imehifadhiwa? Ufunguo wa usimbaji anao nani? Kama ufunguo uko kwako peke yako, faragha ni kubwa, lakini jua kwamba huenda ukakosa utafutaji wa akili unde unaofanyika kwenye seva, ule wa "nionyeshe kila mtu mwenye shati jekundu". Mimi ningechagua faragha kwa ofisi na vyumba vya wafanyakazi, na utafutaji kwa maegesho na eneo la mauzo.

Kwa upande wako, kila mtu awe na akaunti yake, na uthibitishaji wa hatua mbili uwe wa lazima. Nenosiri moja linalozungushwa kwa meneja, mlinzi na mhasibu ni hatari kubwa: akiondoka mmoja, hutajua nani bado anaingia. Meneja wa tawi aone kamera za tawi lake tu. Mlinzi aone ya moja kwa moja bila ruhusa ya kufuta wala kupakua. Kamera ziwekwe kwenye mtandao wake zenyewe, mbali na kompyuta za mauzo. Na fundi akitaka kukufungulia milango ya mtandao (port) kwenye ruta ili uione kamera ukiwa nje, mkatalie. Kamera ya wingu iliyotengenezwa vizuri huanzisha mawasiliano yenyewe kutoka ndani na haihitaji mlango wowote uachwe wazi.

Hatua ya 7: Mkataba na gharama ya miaka mitano

Usilinganishe bei ya kamera kwa kamera. Chukua bei ya vifaa, ongeza ufungaji, ongeza ada ya mwezi ya kila kamera mara 60, ongeza bando kubwa zaidi utakalolazimika kulipia. Andika jumla ya kila muuzaji kwenye mstari mmoja. Mara nyingi ada ndiyo inayozidi kamera, na aliyeonekana nafuu mwanzoni anakuwa ghali.

Kisha uliza ikitokea umeacha kulipa kamera itakuwaje. Zipo zinazoendelea kufanya kazi na mfumo mwingine kupitia ONVIF, na zipo zinazogeuka mapambo ya ukutani. Na kampuni ikiamua kuacha huduma? Tarehe 8 Aprili 2024 Google ilizima huduma za kamera za Dropcam, na kamera hizo zikaacha kufanya kazi. Taka kwenye mkataba muda wa notisi, idadi ya miaka ya masasisho ya usalama, na haki ya kupakua video zako zote kwa mfumo wa kawaida kama MP4. Video inayofunguka kwa programu ya kampuni hiyo tu itakusumbua mbele ya polisi au bima.

Hatua ya 8: Jaribu kabla ya kununua zote

Omba kamera moja kwa majaribio ya siku 30 na uifunge mahali pagumu kuliko pote, siyo pale muuzaji atakapopendekeza. Usiku, mtu apite amevaa kofia, taa zikiwa zimezimwa. Tazama kama unaiona sura. Chomoa intaneti kwa saa moja, irudishe, kisha utafute saa hiyo kwenye wingu. Tafuta tukio la jana saa nane mchana na uone inakuchukua muda gani. Pakua dakika kumi, mpe mtu asiye na programu hiyo, aifungue. Linganisha saa iliyo kwenye picha na saa ya simu yako. Ikitofautiana kwa dakika kadhaa, rekodi za mauzo na video havitakutana. Piga simu ya huduma kwa wateja siku ya mapumziko.

Zikishafungwa zote, weka mabango yanayosema kuna kamera na nani anazisimamia, na uwaeleze wafanyakazi kwa uwazi kinachorekodiwa na anayekiona. Kisha panga siku moja kila mwezi ya kufungua kila kamera na kutazama video ya usiku uliopita. Buibui hupenda kujenga utando mbele ya lenzi ya infraredi, na kila utando ukitikisika kamera hudhani kuna mtu, ikakutumia taarifa mpaka ukazizima. Futa lenzi kwa kitambaa laini, pitia orodha ya akaunti na uondoe za walioacha kazi, sasisha programu ya ndani ya kamera, na ujaribu tena kupakua dakika moja.